Kijivu

Mtipa, umeniuliza mara tatu kwa simu,
ya nne ukaja mwenyewe, vumbi la Newala hadi kwenye nyusi:
kizimba hiki tukioke kwa rangi ya unga
au tukipulizie ya kopo?
Nikakujibu, "Njoo Alhamisi."
Fundi akisema Alhamisi, ujue hajui.

Sasa ni Jumatano usiku. Chikongola umeme umerudi.
Mabomba yako yamekaa juu ya matairi mawili makuukuu
kama mifupa ya mnyama aliyeliwa na watu wenye adabu.

Nianze na sifa za unga, nisije nikaudhulumu.
Chilumba wa madirisha ya alumini analo tanuri,
mtu anaingia wima.
Anapuliza unga mkavu, umeme unaunatisha kwenye chuma,
halafu moto, nyuzi mia mbili,
na chuma kinatoka kimevaa ngozi, si nguo.
Spana ikianguka inadunda.
Chumvi ya Mikindani, ile inayokula bawaba na makufuli ya shule,
ikilamba hapo inakuta sahani.
Na manjano uliyoitaka, manjano ya bibo lililoiva,
ingeng'aa mpaka wapiga picha wakusamehe ukishika mkia.

Rangi ya kopo ni maskini mbele yake.
Bizimu ya mkanda inaikwaruza.
Mkono ukichoka inachuruzika.
Inanuka tina siku tatu, na mwaka ukipita
unapaka tena, kama mwenye nyumba ya udongo.

Ningeshasema unga. Mdomo ulikwisha kufunguka.

Lakini kuna kiungo.
Upande wa kushoto, nyuma ya kiti chako,
pale bomba la mshazari linapokutana na nguzo.
Nilikichomelea ile Ijumaa umeme ukicheza,
moto ukipanda, ukishuka, kama pumzi ya mgonjwa,
na Dadi ananishikia tochi huku anasinzia.
Asubuhi nilikisaga, nikakirudia.
Nimekigonga kwa nyundo, kikaitika.
Nimekitazama kwa miwani na bila miwani.
Ni kizima.
Nadhani ni kizima.

Hilo "nadhani" unga ungelifunika.
Ungelioka humo ndani, chini ya ngozi nene, laini, isiyo na neno.
Chuma kingepasuka taratibu kama siri ya ukoo
na ngozi ingeendelea kutabasamu.
Hata ningetaka kukirudia kiungo,
ningeanza kwa kuibandua kwa moto na moshi, tukikohoa wote.

Rangi ya kopo haina stara.
Chuma kikipasuka, nayo inapasuka:
mstari mwembamba kama unywele,
kisha kutu inakuja kuutia wanja.

Sikukuuliza utakimbia kasi gani.
Nilikuuliza kichwa chako kinafika wapi ukikaa,
ukanionyesha kwa kiganja,
nami nikakata bomba kwa kipimo cha kiganja kile.
Tangu hapo sijaweza kukiona kizimba hiki kitupu.

Basi nimeshapaka. Usiku huu, sikukungoja.
Kijivu, tena hafifu,
maana kwenye kijivu ufa hauna pa kujificha.

Kesho utakunja uso.
Utasema kimefanana na grili ya duka la dawa.
Utataka nipunguze elfu kumi, nitapunguza tano.
Manjano, kama bado inakuwasha, paka kofia yako.

Kopo lililobaki nimelifunga chini ya kiti
pamoja na brashi ya inchi moja.
Kila ukirudi, kabla ya kuoga, kabla ya kuhesabu sekunde,
piga magoti hapo nyuma, pangusa vumbi,
pitisha ukucha kwenye kiungo polepole.
Ukiteleza, chovya brashi, ziba mikwaruzo, nenda kale.
Ukikwama, usipake.
Niamshe.